Benki Inapofungwa: Nani Amlinde Mwenye Akiba Ndogo?

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja. Mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera, yenye makao yake hapa Bukoba. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu mkubwa wa mtaji. Kwa mkulima aliyeweka humo malipo ya kahawa yake, neno hilo la kitaalamu liligeuka swali moja tu: fedha zangu ziko wapi?

Tuelewe kwanza jinsi benki inavyofanya kazi. Fedha tunazoweka hazikai sandukuni, bali hukopeshwa wengine. Mtaji, yaani fedha za wenye hisa, ni ngao: mikopo isiporejeshwa, hasara hula mtaji kwanza. Ngao hiyo ikiisha, kinachofuata kuliwa ni amana za wateja. Ndiyo maana Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inaipa Benki Kuu mamlaka ya kufunga benki iliyodhoofika. Kufunga kunaumiza, kuchelewa kufunga huweza kuumiza zaidi.

Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Wakati huo bima ilimlinda kila mwenye amana hadi shilingi 1,500,000. Mwenye laki nane alistahili kulipwa zote. Mwenye milioni nne alistahili milioni moja na nusu. Kiasi kilichobaki kilitegemea ufilisi, yaani kukusanya madeni ya benki na kuuza mali zake. Mwaka 2023 kiwango cha bima kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000.

Hata hivyo, dhamiri haitulii kirahisi. Msukosuko wa fedha ulipoitikisa dunia mwaka 2008, Marekani iliidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mfumo wake wa mabenki. Nchini mwetu, Juni 2009, Rais Jakaya Kikwete alitangaza Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, ukiwemo msaada kwa wanunuzi wa pamba na kahawa waliopata hasara bei zilipoanguka. Benki ya wakulima wetu, kwa upande wake, ilifungwa. Je, wakubwa huokolewa na wadogo huachwa?

Jibu la haki halitazami upande mmoja. Kuokoa benki hugharimu walipa kodi. Kuifunga hugharimu waweka akiba. Katika njia zote mbili, mara nyingi anayelipa siye aliyefanya uamuzi mbaya. Hapo ndipo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanapogusa. Papa Benedikto XVI, katika Waraka wake *Caritas in veritate* wa mwaka 2009, alifundisha kwamba uchumi hauwezi kutenganishwa na maadili. Hati ya Vatikani kuhusu masuala ya uchumi na fedha, *Oeconomicae et pecuniariae quaestiones*, ilitiwa tarehe 6 Januari 2018, siku mbili tu baada ya benki yetu kufungwa. Nayo inasisitiza kwamba fedha ipo kwa ajili ya mwanadamu na mafao ya wengi.

Kutokana na hayo, kila mmoja ana wajibu wake. Afisa wa serikali asimamie mapema, wala asingoje hadi ngao imekwisha. Kiongozi wa benki au wa ushirika asimpe ndugu au rafiki mkopo asiostahili. Mkopaji akumbuke kwamba kukataa kwa makusudi kulipa deni ni kuvunja amri ya saba, kwa kuwa fedha hizo ni jasho la jirani yake.

Nasi waweka akiba tuulize maswali. Bima hii inahusu benki zenye leseni; akiba za SACCOS na VICOBA hazimo. Kwa hiyo katika vikundi vyetu, pamoja na vile vya Jumuiya Ndogo Ndogo, hesabu zisomwe hadharani, vitabu vikaguliwe, na anayeuliza asionekane mchochezi.

Yesu aliitazama sadaka ya mjane maskini akaiona kubwa kuliko za matajiri. Anayeshika fedha za wengine na aitazame akiba ndogo kwa jicho hilohilo.