Mwalimu Aendaye Ugenini Aijue Kwanza Shule

Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapita Mbingu. Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasioifahamu sehemu hiyo, Mbingu iko katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ng'ambo ya Ifakara kwa aelekeaye Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa, mahali ambapo watu huishi kwa jembe na mpunga. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 na inakomea Kapiri Mposhi, nchini Zambia. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Mbingu anayo njia ya kwenda nchi nyingine iliyotandazwa karibu na mlango wa darasa lake.

Tunaitaja reli hiyo kwa sababu lipo jambo linalozungumzwa sana miongoni mwa walimu wetu, wa bara na wa visiwani, nalo ni kwenda kufundisha nchi za nje. Wapo wanaolipinga jambo hili na kuwaita waendao wasaliti. Wapo pia wanaolisifu kana kwamba kila shule iliyo ng'ambo ya mpaka ni pepo. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Mwalimu ni mtu huru, na elimu haina mpaka. Lakini mtu huru hana budi kwenda akiwa macho, na taifa lililomsomesha lina haki ya kuulizwa.

Historia yetu wenyewe inatufundisha kwamba mwalimu kuvuka mpaka si jambo geni. Mwaka 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu wa Kimarekani na Kiingereza katika shule za sekondari za Afrika Mashariki. Wengi wao walipelekwa kwanza Makerere, Kampala, wakaelezwa habari za nchi, za mitihani na za wanafunzi watakaowafundisha, ndipo wakatawanywa mashuleni. Mwaka 1977 Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi ya shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, mjini Morogoro. Hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Walifundisha hapo walimu wa Afrika Kusini wenyewe pamoja na wenzao wa kujitolea kutoka nchi za mbali, hadi majengo yalipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Visiwani mfano ulio karibu zaidi ni Oman. Mwaka 1970 nchi hiyo ilikuwa na shule 3 tu za mtindo wa kisasa. Walipohitajika watu wenye elimu, waliitwa walimu kutoka Misri, Jordan na Sudan, na wengi wenye asili ya Oman waliosoma katika shule za Zanzibar wakaenda kushika kalamu maofisini na chaki madarasani. Nani atakayesema kwamba chaki ya Zanzibar haikuchangia kuijenga Oman ya leo?

Sasa zamu imegeuka, na bidhaa itakiwayo ni lugha yetu. Mwezi Septemba 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ambayo wana-TANU wanaikumbuka kwa heshima tangu mwaka 1954. Mlango umefunguliwa. Linalobaki ni kuuliza nani atakayeingia, na ataingia vipi.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu mwenye ajira ya kudumu, hata kama mshahara wake hautoshi, ana mbachao wake. Kabla ya kuukunja, sharti aujue huo msala vizuri.

Jambo la kwanza ni vyeti. Cheti kinachoheshimiwa Ifakara au Chake Chake hakiheshimiwi kila mahali kwa kuonyeshwa tu. Afrika Kusini, kwa mfano, mwalimu mgeni hana budi vyeti vyake vipimwe na mamlaka iitwayo SAQA, kisha asajiliwe na baraza la walimu la nchi hiyo, lijulikanalo kwa jina la SACE. Hata ndani ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ambako Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, mwalimu hajasamehewa kuomba kibali cha kazi. Atakayefika kwa hati ya matembezi akitumaini kwamba mambo yatanyooka baadaye, amejiweka mikononi mwa mwajiri wake kama kifaranga mikononi mwa mwewe.

Jambo la pili ni shule yenyewe. Jina zuri na picha ya majengo havitoshi. Inafaa mwalimu aulize: Je, shule hii imesajiliwa na wizara ya elimu ya nchi hiyo? Mwenye mali ni nani? Inafuata mtaala upi, na mitihani yake inatungwa na nani? Lugha ya kufundishia ni ipi? Rwanda na Burundi ni majirani waliopakana, lakini Rwanda inafundisha kwa Kiingereza na Burundi imeshikilia Kifaransa. Msumbiji nayo ni Kireno. Darasa lina wanafunzi wangapi, na mwalimu ana vipindi vingapi kwa wiki? Mwaka wa masomo unaanza lini? Kwetu unaanza Januari. Oman unaanza baada ya joto la kiangazi. Asiyelijua hilo ataacha kazi mwezi Desemba na kukaa miezi minane bila mshahara.

Jambo la tatu ni mkataba. Usomwe wote, katika lugha anayoielewa mwalimu, kabla ya kutia saini. Mshahara unalipwa kwa fedha gani? Nyumba, matibabu na nauli ya kurudi ni juu ya nani? Je, kibali cha ukaazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja, kama ilivyo katika nchi nyingi za Ghuba, hata mwalimu ashindwe kuhama shule bila ridhaa yake? Pasipoti ya mwalimu ni mali ya taifa lake, na haifai kukaa katika kabati la mwajiri. Wakala wa ajira naye aulizwe usajili wake serikalini kabla hajapokea hata senti moja.

Na maswali haya aulizwe nani? Balozi zetu ziulizwe. Walimu walioko huko waulizwe. Lakini zaidi ya wote aulizwe mwalimu aliyewahi kufundisha katika shule hiyo akaondoka, kwa kuwa aliyeko ndani huogopa, na mwenye shule husifia chake. Aliyeondoka hana la kuogopa wala la kuuza.

Tukigeukia upande wa Serikali, tunasema kwa heshima lakini bila kuficha: uchunguzi huu umeachiwa mtu mmoja mmoja mno. Mwalimu wa Mbingu hana uwezo wa kuikagua shule ya Windhoek au ya Muscat. Wizara za elimu za pande zote mbili za Muungano, zikishirikiana na BAKITA, BAKIZA na balozi zetu, zinaweza kuweka orodha moja ya shule zilizothibitishwa, pamoja na mfano wa mkataba unaokubalika. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji nia, na mtu wa kujibu barua.

Kuna pia darasa linaloachwa nyuma. Mwalimu wa hisabati akiondoka katika shule ya kijijini mwezi Mei, watoto wa mkulima wa mpunga ndio watakaolipa nauli yake. Nchi za Jumuiya ya Madola ziliona hatari hiyo, na tarehe 1 Septemba 2004 zikapitisha makubaliano juu ya kuajiri walimu kutoka nchi moja kwenda nyingine. Makubaliano hayo yanatambua haki ya mwalimu kuhama na kupewa maelezo kamili ya kazi yake, na papo hapo yanatambua haki ya nchi maskini kutokombwa walimu katikati ya mwaka wa masomo. Hayana nguvu ya sheria, lakini yana nguvu ya haki, na sisi ni wanachama wa Jumuiya hiyo.

Kwa hiyo mwalimu aage. Aombe ruhusa kwa mwajiri wake, apange mambo ya pensheni yake, amalize muhula, akabidhi daftari na funguo. Atorokaye kazini hujifungia mlango wa kurudi, na mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Serikali nayo iahidi kwamba atakayerudi na ujuzi wa ugenini atapokewa, na miaka aliyofundisha huko itahesabiwa.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba elimu ni ya kuwatumikia watu. Mtoto wa Soweto anayejifunza Kiswahili ni mtu, na mtoto wa Mbingu anayesubiri kipindi cha hisabati ni mtu pia. Sera njema ni ile itakayompatia kila mmoja wao mwalimu, bila kumnyang'anya mwenziwe.