Utangulizi: Kabla ya Kufuta Programu ya Zamani

Anayeingia kwenye taaluma ya programu dhibiti, yaani programu inayokaa ndani ya chipu na kukipa kifaa tabia yake, kwa kawaida huanzishwa kwa kuwasha na kuzima kitaa kimoja. Mimi ningempa osiloskopu ya bei nafuu, DSO138.

Huuzwa na JYE Tech ya China vipandevipande, mnunuzi akaichomea mwenyewe. Kazi yote hufanywa na STM32F103C8, chipu yenye kilobaiti 64 tu za kuhifadhi programu. Huchukua sampuli milioni moja kwa sekunde, na kipimo chake huishia kilohetzi 200. Wapo wanaotumaini kwamba toleo jipya la programu litakivusha kikomo hicho. Halitakivusha: kimo kwenye sakiti, na sakiti haisomi faili. Kinachobadilika ni menyu, hesabu za volti, namna ya kuituliza ishara kiooni.

Lakini usiharakishe kuifanya hiyo kanuni. Osiloskopu ya Rigol DS1054Z iliuzwa kama ya megahetzi 50 ilhali sakiti yake ilimudu 100. Kufuli lilikuwa la programu, na ufunguo wake ni mfuatano wa herufi na tarakimu. Kutambua kikomo kipi ni cha waya na kipi ni cha mwenye kuuza, hilo ndilo somo lenyewe la taaluma hii.

Tena DSO138 haifi kirahisi. Kiwandani, STM32 huwekewa programu ndogo ya kupokelea nyingine, mahali ambapo mtumiaji hawezi kuifuta. Pini iitwayo BOOT0 ikipewa volti chipu inapowaka, chipu huiruka programu yake ya kawaida na kusubiri maagizo kwenye nyaya za mawasiliano. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, unaanza upya, basi. Ndiyo maana naipendelea kuliko zile za kuchomeka flashi na kubonyeza kitufe: huko kazi huisha haraka, ila mwanafunzi haoni kilichotokea.

Adapta ya USB ya kuziunganisha nyaya hizo na kompyuta iwe ya volti 3.3, isiwe ya RS-232 ya kompyuta za zamani, ambayo volti zake zitaiunguza chipu. Na kabla ya kugusa chochote, andika toleo la programu linaloonekana kifaa kinapowaka, pamoja na toleo lililochapishwa kwenye ubao. Kama faili uliyo nayo haikutengenezwa kwa ubao huo, usiendelee.