Waliosamehe Damu ya Watoto Wao

Sisi watu wa pwani tumekaa na majirani Wakristo kwa vizazi. Twahudhuria maziko yao nao huhudhuria yetu, twakopeshana chumvi na ngazi. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kumuuliza jirani wa Kikristo kwamba hiyo dini yake anayoisifu kuwa ni dini ya msamaha, msamaha wenyewe ni upi na mpaka wake ni wapi. Mimi jambo hili limenishughulisha kwa muda, na katika kulitafuta nimekuta habari moja ambayo naona inalionyesha kuliko hotuba nyingi. Haikutokea kwetu. Ilitokea Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, wilaya ya Lancaster, mahali panapoitwa Nickel Mines, na waliohusika ni Wakristo wa namna ya peke yao wanaoitwa Waamishi.

Waamishi hawa aghalabu ni wakulima na mafundi. Husafiri kwa magari ya farasi, nyumba zao hazikuungwa na nyaya za umeme, wanaume waliooa hufuga ndevu wakanyoa masharubu, na wanawake hufunika vichwa na kuvaa nguo ndefu zisizo na mapambo. (Mtu wa Lamu akiwaona huenda asishangae sana.) Asili yao ni Uswisi na nchi za jirani. Mwaka 1525, mjini Zurich, lilizuka kundi la Wakristo waliosema kwamba ubatizo wa mtoto mchanga haufai kitu, na wenzao wakaongeza kwamba Mkristo hashiki silaha wala hatakiwi kula kiapo. Kwa maneno hayo walichomwa moto na kutoswa majini na Wakristo wenzao, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Mnamo 1693 baadhi yao walijitenga wakimfuata Jakob Ammann, na jina la Waamishi latokana na lake. Ndugu zao wa karibu ni Wamenoni, ambao walifika Shirati, upande wa Tanganyika wa Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Kwa hiyo ukoo huu si mgeni kabisa Afrika Mashariki.

Sasa habari yenyewe. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 2006, mtu mmoja wa miaka 32, dereva wa lori la kukusanya maziwa ambaye kazi yake ilimpitisha katika mashamba ya Waamishi hao hao, aliingia na silaha katika shule yao ya chumba kimoja. Yeye hakuwa Mwamishi. Akawatoa nje wavulana na wanawake watu wazima, akabaki na wasichana kumi, wa umri wa miaka 6 hadi 13. Polisi walipoizingira shule, akawapiga risasi wote kumi kisha akajiua. Watano walikufa. Walionusurika wamesimulia kwamba mkubwa wao, wa miaka 13, alimwomba aanze naye yeye, kwa kutumai kwamba wadogo wangeachwa.

Muuaji alimwachia mkewe barua. Ndani yake alieleza kinyongo cha miaka tisa: mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa mwaka 1997 akaishi kwa dakika 20 tu, naye tangu siku hiyo alikuwa amemkasirikia Mungu. Watu wengi wanaoisimulia habari hii huipita barua hiyo mbio. Mimi naona ndiyo upande wa pili wa sarafu. Huyu ni mtu aliyedai deni lake kwa miaka tisa, na alipokosa wa kumlipa akaenda kulitoza kwa watoto wa watu.

Siku ile ile, maiti hazijazikwa, Waamishi kadhaa walikwenda kumtafuta mjane wa muuaji na watoto wake watatu. Wengine walikwenda kwa wazazi wake. Yasimuliwa kwamba mmoja wao alimshika baba wa muuaji mikononi mwake muda mrefu, mzee wa watu akilia. Jumamosi ya wiki hiyo muuaji alipozikwa, zaidi ya nusu ya waliosimama kaburini walikuwa Waamishi, na kati yao walikuwamo wazazi waliokuwa wamezika binti zao siku moja au mbili nyuma. Michango ilipomiminika kutoka pande zote za dunia, wakakata fungu wakampelekea mjane yule na mayatima wake.

Nilipoisimulia habari hii barazani, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza huku akivuta tasbihi alinikata kauli. "Mwanangu," akasema, "damu ina wenyewe. Hao waliokwenda siku ile ni nani hata wasamehe damu ya mtoto wa wenzao?"

Swali hilo ni zito, na kwa mtu aliyeonja fikihi ndilo la kwanza kuulizwa. Kwetu sisi, mtu akiuawa kwa makusudi, haki iko kwa walii wa damu. Ana kisasi, ana diya, na ana kusamehe, na kusamehe ndiko kulikosifiwa zaidi. Walakini uamuzi ni wake. Jirani hawezi kumsamehea, wala kadhi hawezi kumshurutisha. Mlango wa haki uko wazi na mlango wa ihsani uko wazi, naye huchagua wa kuingilia.

Mkristo, nikiyafahamu vyema mafundisho yao, hakupewa milango miwili. Katika Injili kama waisomavyo wao, Yesu, ambaye sisi twamjua kuwa ni Nabii Isa, aliwafundisha wanafunzi wake sala moja fupi, ambayo mpaka leo ndiyo sala ijulikanayo na kila mtoto wa Kikristo. Ndani ya sala hiyo mtu humwomba Mungu amsamehe kwa kadiri ile ile anayowasamehe wenzake. Na mara tu baada ya sala hiyo, kitabu cha Mathayo kinaongeza sharti waziwazi: asiyesamehe watu hatasamehewa na Mungu. Kwa hiyo Mwamishi akiulizwa kwa nini amesamehe, hajibu kwamba ana moyo mkubwa. Hujibu kwamba hana hiari, kwa sababu naye ana mzigo wake wa kusamehewa.

Lipo neno moja hapa ambalo mtu wa pwani ataliona mara moja. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ambayo Waprotestanti wengi wameilelewa, sala hiyo haisemi "makosa". Yasema "deni". Na ndivyo ilivyo pia katika Kiyunani cha Mathayo. Dhambi ni deni, na mkosaji ni mdaiwa.

Kitabu hicho hicho kinaeleza jambo hili kwa kisa. Petro aliuliza kama kumsamehe ndugu mara saba kwatosha, akajibiwa kwa hesabu isiyohesabika, kisha akapigiwa mfano wa mfalme aliyekuwa akikagua madeni ya watumishi wake. Mmoja alikuwa akidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ya fedha ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ijara ya kibarua kwa siku. (Dinari hiyo ya Warumi ndiyo iliyowapa Waarabu jina la dinari yao.) Fanya hesabu mwenyewe: ni siku milioni 60 za kazi, yaani mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000. Mfalme akamhurumia, akafuta yote. Yule mtu akatoka nje, akamkuta mwenziwe aliyekuwa akimdai dinari 100, kazi ya miezi mitatu au minne hivi, akamkaba koo na kumtia gerezani. Mfalme aliposikia akamrudisha, akamtoa kwa watesaji hata alipe lote.

Nadhani ni kosa kuuita mfano huu mtamu. Una ukali ndani yake. Hausemi kwamba dinari 100 si kitu. Miezi minne ya jasho ni mali. Wasema kwamba aliyefutiwa miaka 200,000 hana uso wa kukaba mtu koo.

Na sisi je? Neno "deni" halituhitaji mkalimani. Maiti akiwa mbele ya watu, jamaa yake husimama akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu na ajitokeze, alipwe au asamehe, maana twajua deni humfunga mtu hata kaburini. Ramadhani ikikaribia twaambiana tusameheane, na anayekwenda kuhiji hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Tena wasomaji wengi wanakijua kisa cha Sayyidna Abubakar na Mistah, jamaa yake maskini aliyekuwa akimlisha, ambaye alishiriki kumsingizia Bibi Aisha. Abubakar aliapa hatampa kitu tena. Ikateremka aya katika sura ya Annur yenye kuuliza, kwa maana yake, kama wao hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe. Abubakar akarudisha posho ya Mistah. Hapo, naona, Mwamishi na Muislamu wangeelewana bila ya mabishano. Wanapoachana ni kwamba kwetu haki ya kudai inabaki imesimama, na anayeiacha ameiacha kwa fadhila yake.

Nimeulizwa pia: Watu wanawezaje kusamehe kwa saa chache, kama kwamba walikuwa wamejiandaa? Kwa hakika walikuwa wamejiandaa. Waamishi hula Chakula cha Bwana mara mbili tu kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya vuli. Wiki mbili kabla yake hufanya mkutano mrefu ambapo Mathayo huyo huyo husomwa, kisha huwa na siku ya saumu. Aliyegombana na mwenziwe juu ya mpaka wa shamba, au farasi aliyeuzwa akiwa na ila, lazima wapatane kwanza. Kusanyiko likiwa halina amani, chakula hicho huahirishwa. Basi watu hawa wamekuwa wakizoezwa katika dinari 100 tangu utotoni. Mauaji yale yalitokea Oktoba, katika majira hayo hayo.

Tena wana hadithi zao. Katika nyumba nyingi za Waamishi huwekwa kitabu kikubwa cha mashahidi wao, kilichotolewa Uholanzi mwaka 1660. Anayekumbukwa zaidi humo ni Dirk Willems wa Asperen. Mwaka 1569 alitoroka kifungoni wakati wa baridi, akavuka maji yaliyoganda barafu nyembamba. Askari aliyemfukuza akatumbukia. Dirk alikuwa amekwisha kuokoka, angekwenda zake. Akarudi, akamvuta yule mtu nje. Askari alitaka kumwachia, lakini mkubwa wake alimkumbusha kiapo chake, na Dirk akakamatwa na kuchomwa moto Mei mwaka huo. Mtoto anayekua akisikia kisa hicho hafundishwi kwamba wema hulipwa. Afundishwa kwamba hufanywa hata usipolipwa.

Sitaki nikupambie, ndugu msomaji. Watu hawa hawa wakimwona mwanachama wao amevunja nadhiri na akakataa kutubu, humtenga. Hawali naye meza moja. Magazeti ya Marekani yameandika pia juu ya wasichana wa Kiamishi waliodhulumiwa miilini mwao na jamaa zao, na wazee wa kanisa wakawahimiza kusamehe upesi mara mkosaji alipoungama, kisha jambo likafunikwa. Hapo nasema bila kusita kwamba yule mzee wa barazani alikuwa na haki. Damu ina wenyewe na heshima ina wenyewe. Msamaha unaotolewa na mzee wa kanisa kwa niaba ya msichana anayelia chumbani ni dhuluma ya pili.

Lakini Nickel Mines haikuwa hivyo. Muuaji alikwisha kufa; hapakuwa na wa kumfikisha kortini, wala hawakusema kwamba kama angenusurika aachwe atembee, maana mambo ya jela huiachia serikali. Waliobaki ni mjane, mayatima na wazazi wawili, ambao hawakuwa na kosa lolote, na ambao kwingineko wangeweza kuchomewa nyumba. Hao ndio walioendewa. Nao wazazi wa wale wasichana, walipozungumza miaka iliyofuata, hawakudai kwamba uchungu uliondoka siku ile. Walisema walisamehe kwa ulimi kwanza, moyo ukafuata nyuma ukichechemea, na kwamba asubuhi nyingine iliwabidi waanze upya.

Shule ile ilibomolewa kabla ya jua kuchomoza tarehe 12 Oktoba 2006, mahali pake pakaachwa nyasi. Nyingine ilifunguliwa karibu na hapo tarehe 2 Aprili 2007, miezi sita kamili baada ya mauaji. Mmoja wa wasichana watano walionusurika alikuwa amepigwa risasi ya kichwa. Hakuweza tena kusema wala kutembea, akalishwa kwa mpira. Mama wa muuaji aliomba ruhusa ya wazazi wake aje kumsaidia, nao wakamkubalia. Kwa miaka kadhaa, kila Alhamisi, bibi huyo alikuwa akija nyumbani kwao jioni, akamwogesha mtoto, akamsomea vitabu, akamwimbia, kisha akaenda zake. Alifariki kwa saratani mwaka 2017.