Mali ya mke iandikwe kwa jina lake

Siku hizi husemwa sana, barazani na harusini, kwamba mwanamke wa pwani ametoka nyumbani. Wako wanaolisema neno hili kwa furaha, na wako wanaolisema kwa kusikitika. Kutoka ametoka: yuko benki, yuko hospitali, yuko shuleni mbele ya ubao, yuko sokoni, na mwezi wa Agosti mwaka 2022 watu wa Kwale walimchagua Bi Fatuma Achani kuwa gavana wao, mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho katika pwani yetu. Lakini ubishi huu wa kutoka na kutotoka umetushughulisha hata tukalisahau swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: pesa anazozichuma mwanamke huyu huingia wapi, na mwisho wake huwa ni mali ya nani?

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Kabla hawajazaliwa wanaobishana leo, mama zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu walikuwa wakisuka ukili, wakishona kofia za vito, wakiamka alfajiri kupika mahamri na vitumbua, na mtoto akipita mitaani na sinia kichwani. Mama mwenyewe alikaa ndani, lakini biashara yake ilitembea mji mzima. Katika mtaa wa Majengo, Mombasa, wako wanawake waliomiliki zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, wakakaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Na huko Lamu, jamaa wenye uwezo walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, au ghorofa ya juu ya nyumba ya wazee wake. Bwana arusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Na ndoa ikivunjika, mume ndiye aliyefunga mizigo yake.

Kilichobadilika ni wingi wa pesa hizo na mahali zinapokwenda. Zamani, kile alichokipata mama kwa sinia lake kilikuwa akiba yake: alikigeuza bangili au mkufu, akakifungia kashani. Masurufu ya nyumba yalikuwa juu ya bwana, naye aliyatafuta baharini, shambani au dukani. Leo maisha yamepanda, na mshahara mmoja hautoshi karo, kodi, umeme na maji. Mwalimu, muuguzi, karani, mshonaji, hata mwenye meza ya viazi vya karai, kila mmoja hutoa chake kikaingia katika chungu kimoja na cha mume, tena hutoa kwa mapenzi. Wakipata kiwanja Kisauni au Likoni, mke hununua simiti na mabati, mume hulipa mafundi, na nyumba husimama. Kisha karatasi huandikwa jina moja, na mara nyingi jina hilo ni la mume.

Hapo ndipo penye jambo letu la leo.

Dini yetu haikuliacha jambo hili gizani. Katika Sura ya Wanawake, Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanaume wawape wake zao mahari, wala hawana ruhusa ya kula humo ila kile ambacho mke mwenyewe amekiachilia kwa ridhaa ya nafsi yake. Katika sura hiyo hiyo tumeambiwa kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake nao wana fungu katika walichokichuma. Ndoa ya Kiislamu haichanganyi mali mbili zikawa moja. Waingereza waliokuja kututawala, na kutuambia kwamba wametuletea ustaarabu, sheria yao haikumpa mke aliyeolewa haki kamili ya kumiliki mali yake ila mwaka 1882. Mke wa Kiislamu alikwisha kuwa nayo karne kumi na mbili kabla yao.

Tena wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza kwamba masurufu ya mke ni haki yake juu ya mume, hata mke akiwa tajiri na mume akiwa na kipato cha wastani. Mume asipoyatoa, hubaki deni shingoni mwake. Kwa hivyo, mke anapotoa pesa zake kuijenga au kuiendesha nyumba, pesa hizo lazima zipite katika mlango mmoja kati ya milango minne: ama ni sadaka, ama ni zawadi, ama ni mkopo, ama ni shirika, yaani amenunua sehemu yake katika kitu kile. Kila mlango una hukumu yake. Sadaka hairudi, mkopo hulipwa, na mshirika ana hisa yake. Tatizo letu ni kwamba twapita bila ya kusema tumepita mlango gani, na siku ya kuulizana kila mtu hutaja mlango unaomfaa.

Wengi tumekisikia kisa cha Bi Zainab, mkewe Abdullah bin Masud, aliyekwenda kumuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama inafaa ampe sadaka mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea. Akajibiwa kwamba inafaa, na kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Kisa hiki husomwa ili kuwahimiza wanawake watoe, na ni vyema. Lakini tukitazame upande wa pili. Lau mali ya mke ingalikuwa ni ya mume tangu mwanzo, au lau ingalikuwa ni faradhi juu ya mke kumlisha mumewe, Bi Zainab asingalikuwa na sababu ya kuuliza, wala kitendo chake kisingaliitwa sadaka. Sadaka hutolewa na mwenye mali.

Sasa tupige hesabu, kwani maneno matupu hayamshibishi mtu. Tuseme mume na mke wamejenga nyumba yenye thamani ya shilingi 2,400,000, kila mmoja ametoa nusu, na karatasi ina jina la mume peke yake. Mume amekufa, ameacha mke na watoto. Mke mwenye watoto hurithi thumni, yaani sehemu moja katika nane. Nyumba nzima ikihesabiwa kuwa ni mirathi, mama huyu atapata shilingi 300,000. Lakini lau nusu yake ingaliandikwa, angalishika kwanza shilingi 1,200,000 zilizo zake, kisha akarithi thumni ya nusu ya mumewe, shilingi 150,000, jumla 1,350,000. Karatasi moja isiyoandikwa imemnyima shilingi 1,050,000. Na marehemu akiwa na mke wa pili, hao wawili watagawana thumni hiyo moja, na mama huyu atatoka na shilingi 150,000 katika nyumba aliyoitia shilingi 1,200,000 kutoka mkononi mwake.

Tufahamu lililotendeka hapo. Mirathi ni mali ya maiti. Hapo imegawanywa mali ya mtu aliye hai, naye amekaa eda ndani ya nyumba hiyo hiyo. Na wala si lazima warithi wawe watu wabaya. Ami za watoto na mawifi wamekuja na karatasi, na karatasi imesema nyumba ni ya ndugu yao. Wakila, wamekula kwa kutojua. Na aliyewalisha haramu ni yule marehemu mpenzi wao, aliyeona haya kuandika.

Wanaume wenzangu watasema: ya nini karatasi baina ya mtu na mkewe? Hiyo si ishara ya kutoaminiana? Jawabu limo katika Sura ya Bakara, katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Kurani. Aya hiyo si ya sala wala ya funga. Ni ya deni na kuandikiana. Tumeamrishwa tuandike, liwe dogo au kubwa, tusichoke, na sababu imetajwa: kuandika ni uadilifu zaidi, huutia nguvu ushahidi, na huondoa shaka. Walioambiwa hivyo mwanzo ni Masahaba, nao waliaminiana kuliko sisi. Mwenye kuandika amelinda mapenzi yasije yakahukumiwa na kumbukumbu za watu wenye hasira.

Mahakama ya Kadhi nayo yatufundisha hilo hilo. Susan Hirsch, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya utafiti katika mahakama za Kadhi za pwani yetu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1998 kwamba wengi wa wanaopeleka mashtaka huko ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Kwa hivyo si kweli kwamba mlango huo umefungwa kwa kina mama. Lakini Kadhi hahukumu kwa machozi. Anayedai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, na anayekana huapa. Mke anayedai posho lake husikilizwa upesi, kwa kuwa ndoa ina cheti na watoto wanaonekana. Mke anayedai kwamba mabati yale na simiti ile vilikuwa vyake huulizwa stakabadhi, naye hana, au anazo na zimeandikwa jina la bwana.

Sheria ya nchi nayo haikatai. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imehesabu hata kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa ni mchango katika mali ya ndoa, na imempa Mwislamu nafasi ya kuhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu katika mambo hayo. Mwenye kuifuata sharia yetu basi na aifuate yote, pamoja na ile aya ya kuandika.

Wako pia mabinti zetu wanaokwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Hawa ndio ninaowahofia zaidi. Binti hukaa miaka katika nyumba ya watu, kila mwezi akatuma pesa kwa mume, kwa kaka au kwa mjomba ili zijenge. Akirudi hukuta nyumba imesimama kweli, na hatimiliki ina jina la aliyepokea pesa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa karani asiyelala: huandika tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Lakini karani huyu haandiki nia. Haelezi kama pesa zilikuwa za chakula cha mama, au za kununulia mawe. Nia hiyo yataka iandikwe na wenyewe.

Yafanyike nini? Mambo manne yatosha, na hakuna hata moja lililo zito. La kwanza, anayenunua kitu apewe stakabadhi kwa jina lake, iwe ni simiti, mbao, au kodi ya ardhi kwa wale wenye nyumba juu ya viwanja vya watu. La pili, mke akimpa mumewe dhahabu yake auze ili alipe deni au aanze biashara, iandikwe ni mkopo au ni zawadi, uzito wake ni gramu ngapi, na mashahidi wawili watie mkono. La tatu, kiwanja kilichonunuliwa na wawili kiandikwe majina mawili, na hisa ya kila mmoja itajwe. Kwani uko umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa mwenzake huchukua kitu chote, na huo waweza kuwadhulumu warithi wengine. La nne, binti aliye ng'ambo aandikiane na anayemjengea kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, hata akiwa ni kaka yake wa tumbo moja.

Na haki hii ina pande mbili. Mke naye akifa akiwa na watoto, mumewe hurithi robo ya mali yake. Mume aliyejenga kwa jasho lake, kisha akaandika nyumba yote jina la mke kwa kumkimbia mdai, naye amejitia katika shimo hilo hilo.

Kalamu si kitu kigeni mikononi mwa wanawake wa Kiislamu. Bi Hafsa, mke wa Mtume, alifundishwa kuandika na mwanamke, Bi Shifaa binti Abdullah. Bi Mwana Kupona binti Mshamu alimwandikia bintiye wasia wake mwaka 1858, na hadi leo twausoma. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika maandishi yake ya miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu wa pwani wawasomeshe watoto wao wa kike. Tumewasomesha, alhamdulillahi. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa watajua kuandika kila kitu isipokuwa kilicho chao.

Beti hii nimeitunga kwa ulimi wa mama mmoja wa hao:

Mali yangu andikeni, jina langu lisomeke,
Si kwa shari ya nyumbani, amani isivunjike,
Neno halina makani, wino hauna makeke,
Haki imo mwetu dini, cha mke kiwe cha mke.