Mfuta Vioo na Mapatano Yasiyoandikwa

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa jamaa wa msikiti wetu alibaki ameketi jamaa wengine walipokwisha kutoka. Riziki yake ni kufuta vioo vya maduka, ofisi na nyumba za kulala wageni, Njombe na Makambako. Kazi haikosi: kiangazi vumbi jekundu, masika tope la magari. Usiku ule alikuwa anadai ujira wa miezi miwili.

Alikuwa amepatana kwa mdomo na meneja wa nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu, Makambako, alipwe kila mwisho wa mwezi. Meneja yule akaondoka. Aliyemfuata akasema hana habari ya deni hilo. Nyumbani, mkewe alikuwa amekwisha kukopa unga na mafuta dukani akiutegemea ujira huo.

Mimi na imamu tulikwenda kusuluhisha. Meneja mpya alitupokea kwa heshima, akauliza neno moja tu: karatasi iko wapi? Hatukuwa nayo. Tulirudi na nusu ya haki ya kijana yule.

Wapo wanaoona kuwa kumwekea mtu karatasi ni kumdhania vibaya. Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqarah, inahusu kuandika deni la muda maalumu. Inaelekeza mdaiwa ndiye atamke anachodaiwa, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Wanazuoni wengi wameliona agizo hilo kuwa ni la kupendekezwa. Basi anayefuta vioo leo akalipwa mwisho wa mwezi, amekopesha nini kama si jasho lake?

Katika fiqhi, mapatano haya ni ijara. Hayasimami sawasawa mpaka ijulikane kazi, ujulikane ujira na ujulikane muda. Nayo Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo. Shida huja siku ya kuyathibitisha. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unatosha, ukiwa na mambo haya:

Kwanza, jina la biashara yenyewe, pamoja na jina na cheo cha anayetia saini kwa niaba yake. Mameneja huja na kuondoka. Biashara hubaki na deni lake.

Pili, idadi ya madirisha, ghorofa zake, na kama yanafutwa ndani, nje au pande zote mbili. Tena mara ngapi kwa mwezi, na siku ya mvua kazi inahamia lini.

Tatu, ujira kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa, na nani anayeleta maji, sabuni na ngazi.

Nne, vioo vikaguliwe pamoja kabla ya kuanza, na vyenye ufa viandikwe. Kitakachovunjika kwa uzembe wa mfutaji atakilipa. Cha ufa wa zamani hakimhusu.

Tano, anayetaka kuvunja mapatano atoe taarifa ya siku ngapi, na kazi iliyokwisha kufanywa ilipwe.

Nakala ziwe mbili, kila upande na yake, kukiwa na mashahidi wawili. Na kila kazi inapokwisha, msimamizi atie saini kwenye daftari la mfutaji. Nakala ya nyumbani mama wa watoto aijue ilipo, kwani siku mwenye kazi akiugua au akifariki, ndiye atakayeulizwa.

Nimalizie kwa aibu yetu wenyewe. Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani, kamati yetu ilikuwa ikimwita kijana huyu kwa simu aje kufuta madirisha ya msikiti, na ujira tukiuzungumza kazi ikiisha. Tuliporudi Makambako siku ile, kabla ya Magharibi, nilichukua karatasi mbili. Kijana akahesabu madirisha, mimi nikatamka tutakachomlipa, imamu na mwekahazina wakashuhudia. Hakuna aliyeona kuwa amedharauliwa.