Kichwa cha Keekee, Ngazi, na Kazi Nyingine za Nyumbani



Kabla ya msimu kila mwenye shamba hukagua ngazi, vigoe, mikeka na pakacha zake. Mengi katika hayo huweza kutengenezwa nyumbani bila ya kumwita fundi, na wengi wetu sasa tuna kibanda chenye jiliwa, msumeno, patasi mbili tatu na keekee. Tumeonelea tuanze na hiyo keekee, kwa kuwa ikiwa mbovu hakuna kazi itakayotoka sawa, na kazi tunayoifikiria zaidi ni ngazi. Mkarafuu una matawi mepesi kuvunjika, na mchumaji ana hatari ya kumtosha bila ya kuongezewa kipago kinachocheza chini ya unyayo wake.

Wazee walitoboa kwa keekee ya uta. Mti ulioshika chuma waliuita msukano, na kile kipande cha kukamatia juu wakakiita jivu. Kile kichwa cha chuma kilicho mbele ya keekee ya umeme hufanya kazi ile ile ya msukano, yaani kukamata chuma kisichezecheze. Ndani yake mna meno matatu yaendayo pamoja, jino moja haliwezi kutangulia jingine, na kwa hiyo chuma hukaa katikati. Kichwa cha namna hii chenye kufungwa kwa ufunguo wa meno, Arthur Jacobs wa Marekani alikipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1902, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Vipo pia vya kufungwa kwa mkono mtupu.

Kwanza hakikisha kama kichwa ndicho kibovu. Chukua chuma cha kutobolea, kivingirishe juu ya kioo. Kikiruka-ruka, basi kimepinda, na keekee haina kosa. Kikienda sawasawa, kifunge katika keekee, weka ncha ya penseli karibu nacho bila ya kukigusa, kisha zungusha kichwa kwa mkono taratibu. Nafasi iliyo kati ya penseli na chuma ikipanuka na kupungua, kichwa kinayumba. Mara nyingi dawa yake ni kukisafisha tu. Hewa yetu ya chumvi huleta kutu upesi, na vumbi la mbao hujaa nyuma ya meno. Fungua meno mpaka mwisho, piga mswaki, pangusa, tia tone moja la mafuta mepesi, kisha jaribu tena. Tumeona vichwa vingi vikitupwa ambavyo havikuwa na ila isipokuwa uchafu.

Kikiwa kimekwisha kabisa, badilisha. Chomoa waya wa umeme kwanza, au toa betri. Fungua meno yote, tazama ndani kwa tochi; katika keekee nyingi zinazozunguka pande zote mbili utaona kichwa cha parafujo katikati. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Parafujo hii imekatwa kinyume, hufunguka kwa kuzungusha upande ambao parafujo nyingine hufungia. Ukiilazimisha kama ulivyozoea utaikata, na kuitoa itakuwa kazi ya siku nzima. Ikishatoka, funga katika meno mkono mfupi wa ufunguo mnene wa pembe sita, mkono mrefu utokeze kando, kisha uupige pigo moja kavu kwa nyundo ya mti, upande wa kufungulia kama kawaida. Kichwa chenyewe kimefungwa kwa hesi za kawaida, nacho kitalegea. Kichukue dukani ukalinganishe hesi. Zinazopatikana sana ni za nusu inchi zenye meno 20 kwa kila inchi, na za robo tatu ya nusu inchi zenye meno 24, nazo haziingiliani. Kipya kifunge kwa mkono mpaka kikome, bila ya kukipiga, kisha rudisha ile parafujo ya kinyume.

Keekee ya kusimama mezani ni jambo jingine. Kichwa chake hakina hesi, hukaa juu ya shina la umbo la pia na hushika kwa kubanana tu. Cha zamani hutolewa kwa kabari mbili zilizopasuliwa katikati, zikiingizwa nyuma yake kutoka pande mbili. Kabla ya kuweka kipya pangusa shina na tundu kwa kitambaa kikavu, wala usitie mafuta hata kidogo, na usiguse tena kwa vidole. Punje moja ya mchanga hapo yatosha kukiyumbisha. Rudisha meno ndani kabisa yasipokee pigo, kisha gonga mara moja au mbili kwa nyundo ya mti. Na ule ufunguo wa meno ufunge kwa uzi kando ya mashine, lakini kamwe usiuache ndani ya kichwa. Mashine ikiwashwa huruka kama jiwe la teo.

Sasa ngazi. Keekee inayoyumba hutoboa tundu pana kuliko chuma chake, na kipago kitakaa kwa gundi na matumaini. Tumia chuma bapa cha inchi 1, weka guni kando, na mwombe mtu asimame ubavuni akuambie kama umeinama. Nafasi ya inchi 12 kati ya kipago na kipago yafaa, mradi zote ziwe sawa, maana mguu huzoea hesabu. Vipago vikaushe wiki kadhaa juu ya uchaga wa jikoni, lakini ile miti miwili ya pembeni iwe bado na unyevu kidogo. Ikikauka itavibana yenyewe. Usipigilie misumari, hupasua mti na kuacha kutu ndani. Chini ya kipago cha kwanza na cha mwisho pitisha bolti ndefu yenye nati na washa, ili miti isiachane. Rangi usipake, kwani huficha ufa.

Mpini wa panga hautaki maelezo mengi: toboa mbao na chuma kwa pamoja katika jiliwa, matundu matatu, upitishe ribiti. Kwa kigoe, toboa tundu dogo inchi 2 kutoka kwenye ncha ya chini, utie kamba ya kukifungia tawini, kisimwangukie anayeokota karafuu chini ya mti.