Mtindio wa Ubongo: Mama Hawezi Kubeba Peke Yake

Mtoto ametimiza miezi minane lakini hajakaza shingo. Akibadilishwa nepi miguu inakakamaa, na kila akilishwa anakohoa na kulia. Majirani wanauliza mama alimkosea nani. Swali hilo limewaumiza wazazi wengi, na halina jibu kwa sababu halina msingi.

Mtindio wa ubongo hutokea ubongo unapoumia ungali unakua, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Huenda kichanga alikosa hewa uchungu ulipochukua muda mrefu, alizaliwa njiti, au alipata umanjano mkali usiotibiwa. Wengine huumia baada ya homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyopanda kichwani. Hali hii haiambukizi. Jeraha lenyewe halienei, ila misuli isipohudumiwa huzidi kukaza kadiri mtoto anavyokua. Ndiyo maana miezi ya mwanzo ina thamani kubwa.

Mengi ya kumsaidia hufanyika nyumbani. Mtoto ambaye miguu yake hupishana kama mkasi abebwe kiunoni, miguu ikiwa imetanuka na mgongo umeshikwa vizuri kwa kanga. Wakati wa kula akalishwe wima, kidevu kikiinama kidogo, apewe kijiko kimoja kimoja bila haraka. Akilishwa amelala chali, uji unaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia.

Lakini nani amfundishe mama haya? Katika mpango wa Baby Ubuntu, uliojaribiwa Uganda na baadaye kufika Rwanda, wazazi hukutana katika vikundi vidogo. Anayeongoza ni mhudumu wa afya akishirikiana na mzazi anayelea mtoto mwenye hali hiyohiyo. Naupenda sana mpangilio huu. Mtaalamu huonyesha namna ya kumkalisha mtoto. Mzazi mwenzako anajua pia usiku usio na usingizi, mume aliyeondoka, na maneno ya mawifi. Mbele yake mama husema asiyowahi kuyasema kliniki.

Tunapenda kumsifu mama wa namna hii kwa ujasiri, kisha tunaenda zetu. Sifa hailipi nauli ya kwenda mazoezi ya viungo, wala haimpumzishi mgongo mama anayebeba mtoto wa miaka saba. Baba ajifunze kulisha. Shangazi akae na mtoto saa mbili, mama aende sokoni au alale tu. Kaka na dada wa mtoto nao waelezwe ukweli kwa lugha yao, maana shuleni wataulizwa.

Na mtoto aliyefika miezi sita bila kukaza shingo, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, apelekwe kituo cha afya wiki hii. Akiambiwa “atakua tu” bila kupimwa, mzazi ana haki ya kuomba rufaa.